Fulana ya Wale Waliomtukana Malkia

Fulana ile niliitoa kwenye rundo la mitumba sokoni Gikomba, kule nyumbani, siku niliyokwenda kutafuta viatu vya kupandia ndege. Viatu sikupata, lakini hayo tuyaache. Niliipenda kwa uzito wake. Ilikuwa na vijana wanne wa Kizungu, nywele zimesimama kama miiba, na maandishi. Shule niliachia darasa la nne. Halafu, nani husoma mtumba?

Ijumaa moja hapa Muaither, Uarabuni ninakofanya udereva, nilikuwa nimeivaa nikiosha gari la tajiri wangu. Akatoka kwenda msikitini, akasimama, akanitazama kifuani mpaka ndoo ikafurika. Akaenda zake. Na kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimebakiza wiki moja, na wa kukiongeza ni yeye.

Nikampigia rafiki yangu, askari wa lango kule Lusail, ambaye nyumbani alikuwa mtangazaji wa muziki redioni. Nikamtumia picha.

"Buda! Umevaa hiyo kwa Mwarabu?"

"Kwani ni nini?"

"Hao ni bendi ya mapanki, wale wa muziki wa makelele na fujo. Walimtukana malkia wao wa Uingereza kwa wimbo, redio zikawafungia, kumbi zikawafukuza. Wakakosana wenyewe, wakaachana. Uzeeni wakarudi na vitambi kuimba yale yale, watu wakasema wamejiuza. Hapo kifuani wameandika matusi ya malkia."

"Si malkia alishakufa?"

"Huku nako wana mtawala wao. Waambie hivyo pale uwanja wa ndege ukirudishwa."

Niliivua. Nikaificha chini ya godoro, nikaitoa, nikaisukuma chini ya tairi la akiba. Ndipo nikakumbuka gari ni lake. Mke wangu husema mimi huficha kitu pale pale kitakapotafutwa.

Baada ya alasiri tajiri akaniita sebuleni kwa wageni.

"Dereva, ile nguo iko wapi?"

"Iko... ndani ya gari lako, baba."

"Ilete."

Nikaileta. Akaitandaza magotini.

"Nilipokuwa nasoma Uingereza niliwaona hawa. Mmoja alinitemea mate." Akautazama mlango. "Mama yangu asiione. Na wewe usivae tena."

Akaikunja polepole, mikono ndani, akaikalia.

"Na ukaazi, baba?"

"Jumapili."

Sikujua kama hiyo ni ahadi au tiketi ya kurudishwa nyumbani. Jumapili ujumbe wa Kiingereza ulipoingia kwenye simu, sikuthubutu hata kukisia. Nikamtumia rafiki yangu askari, nikangoja apige, nimefumba macho.

"Umeongezewa mwaka, Buda. Sasa nunua shati lisilo na watu."