Keneuoe Alizaliwa Upande Gani

Asubuhi za Mokhotlong mawingu hushuka kulala mabondeni, na vilele vya milima hubaki vikielea juu yake. Keneuoe alikua akiyatazama. Utotoni aliamini mawingu yana kwao, kama ng'ombe, na kwamba yuko mtu anayeyarudisha zizini. Alipofika miaka ishirini, chuo kikuu cha Roma, mji wa humohumo katika nchi yao ya Wasotho, kilimkubali akasomee hali ya hewa. Ada ingetoka kwenye mkopo wa serikali, na mkopo ule ni wa raia tu, kwa hiyo ilibidi chifu athibitishe kazaliwa wapi na wazazi wake ni nani.

Chifu wao alikuwa mwanamke, Mamosa, mwenye sauti ya kuita kondoo mlima wa pili. Alimuuliza mama yake Keneuoe huku anachambua mboga.

"Huyu ulimzalia wapi, Makeneuoe?"

Mama akavuta blanketi lake shingoni. "Tutarudi kesho," akasema, akatoka.

Nje, Keneuoe akamkimbilia. "Mama, si ungesema tu hapa kijijini?"

"Tandika farasi."

Walipanda hadi pale nchi inapokatika, mpakani. Chini yao, upande wa Natal, nchi ya jirani, hapakuonekana kitu ila weupe uliokuwa ukipumua polepole. Farasi walisimama wenyewe, masikio mbele, kana kwamba wameitwa.

"Kondoo wa baba yako walipotea," mama alisema. "Nikawafuata na tumbo langu, ukungu ukanifunika. Nilitembea kama mtu anayeota. Uchungu uliponishika nikaingia chini ya mwamba, nikakuzaa humo. Ukungu ulipofunguka nikaona kijito kinatiririka kuelekea bahari yao, si huku kwetu. Nikajua nimevuka." Akaonyesha kwa kidole, lakini kidole chenyewe hakikuwa na hakika. "Baba yako alitufikia akifuata kilio chako. Akasema tunyamaze, wasije wakakuita mgeni."

"Baba kafa na neno hilo?"

"Nalo. Na mimi nilikuwa njiani kufa nalo."

Keneuoe aliangalia weupe ule. Hakuhisi hofu. Alijihisi mwepesi, kama aliyeambiwa kwamba kweli mawingu yana kwao, na kwao ni hapo. "Tukamwambie chifu," alisema.

"Na mkopo je? Ukikosa?"

"Nikikosa nitachunga. Siwezi kwenda Roma kusomea mvua nikiwa nimeanza kwa uongo, mama."

Kesho yake Makeneuoe alisimulia yote, macho chini. Chifu Mamosa alisikiliza, kisha akaangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Miaka ishirini umebeba jiwe hilo! Baba yake nani? Si Ntate Tlali, niliyecheza naye matopeni? Na wewe si binti wa hapo ng'ambo ya mto? Mtoto wa Wasotho ni Msotho, hata ungemzalia mwezini!"

"Lakini kijito, chifu..."

"Kijito hakizai watu. Wewe ndiye uliyezaa."

Makeneuoe akaketi chini palepale, akalia kwa kwikwi, na Keneuoe akamshika mabega. Chifu akaandika alichoambiwa bila kuficha mahali, akagonga mhuri.

Ofisini Maseru, mji mkuu, karani wa mikopo alisoma barua ya chifu, akainua uso. "Chini ya mwamba?"

"Ndiyo, ntate," Keneuoe alijibu, kwa heshima apewayo mwanamume.

"Baba Msotho?"

"Baba na mama."

"Basi una haki. Anayefuata!"

Mkopo ulitoka kabla ya baridi kuisha. Keneuoe alisoma, akamaliza, na sasa anapima mvua na upepo wilayani kwao. Mama yake humpigia simu kila alfajiri.

"Leo vipi?"

"Jua mama, kutwa nzima."

"Haya," hujibu Makeneuoe, kisha hutoka na mablanketi mawili, ukungu usije ukamfunika tena.