Seva Mbili za Daktari

Chuo kilikuwa Kawangware, ghorofani, juu ya kinu cha kusaga unga. Ubao wake ulisema ni chuo cha kimataifa, na neno hilo lilipakwa rangi nyekundu kwa herufi kubwa kuliko za jina lenyewe. Muda wote niliofundisha pale sikumwona mwanafunzi hata mmoja kutoka nje ya nchi. Mgeni pekee alikuwa Mtanzania aliyepanda ngazi kuuliza njia ya Riruta, akaelekezwa, akaenda zake.

Mwenye chuo tulimwita Daktari. Alisomea udaktari wapi, na wa kitu gani, hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kupoteza kazi kwa kuuliza. Alivaa tai hata Jumamosi. Alipenda kuzungumza nasi akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ili likizuka swali asiloliweza awe ameshaondoka.

Mimi nilitoka Magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya tisini, nikapanga chumba Kibera, upande wa kuelekea mtaa wa Olympic. Asubuhi nilivuka Ngong Road kwa miguu kwenda kufundisha kompyuta. Mwenzangu pale chuoni alikuwa mama wa Machakos aliyefundisha taipu. Alikuwa mpole wa sauti na mkali wa kazi. Aliwafunika wanafunzi vidole kwa kitambaa ili waache kutazama herufi, na aliyeinua kitambaa alirudia ukurasa mzima. Wanafunzi walimlalamikia mwanzoni, kisha wakapata kazi mjini wakawa wanarudi kumwamkia. Sisi wawili tulikunywa chai pamoja, na kwa sababu nilimzidi umri kidogo tu, aliniita Mwalimu nami nikamwita Madam, kama walivyofanya wanafunzi.

Kompyuta zetu zilikuwa za mitumba, zimeletwa na meli kutoka Ulaya baada ya wenyewe kuzichoka. Niliziunganisha kwa waya ili zitumie printa moja. Sasa, kompyuta zikiunganishwa hivyo, kila moja lazima iwe na anwani yake, yaani namba ya kutambulikana na wenzake, na namba isirudiwe. Mimi niliziandika kwa mkono, mashine baada ya mashine. Ilikuwa kazi ya kuchosha lakini ilikwisha, na chuo kikachapa.

Daktari hakuridhika na kitu kinachofanya kazi kimya kimya. Alikuwa na shemeji aliyewahi kukaa Uingereza, na shemeji huyo akamwambia kwamba dunia nzima imeacha kuandika anwani kwa mkono. Siku hizi, alisema, kuna seva, kompyuta moja kubwa inayozigawia nyingine anwani kila zinapowashwa. Akataja herufi nne, DHCP, na Daktari akazirudia mbele yetu kwa wiki kadhaa kama mtu aliyepewa cheo.

Shemeji akaja kuifunga, na tangu hapo akaitwa Mtaalamu. Nimpe haki yake: seva ile ya kwanza, aliyoiweka darasani kwetu, ilifanya kazi vizuri. Unawasha kompyuta, inaomba anwani, seva inaijibu, basi. Niliifurahia. Kama mambo yangeishia hapo, ningemkumbuka mtu yule kwa heshima.

Lakini Daktari alipoona darasa lina seva na ofisi yake haina, alikosa raha. Akaagiza ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, ikawekwa mezani kwake karibu na dirisha, mahali ambapo kila mzazi aliyekuja kuuliza karo angeiona. Haikuwa na kazi yoyote. Alicheza karata humo. Mtaalamu aliiunganisha na waya zetu, na alipoifunga alirudia hatua zile zile alizozijua, pamoja na ile ya kuiamuru igawe anwani. Tena Daktari alitaka namba za ofisini zisifanane na za wanafunzi, kwa sababu ya heshima. Mtaalamu akampa namba za ukoo mwingine kabisa. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo tulifungiwa mlango.

Ndipo shida zilipoanza. Asubuhi wanafunzi wanawasha kompyuta, nusu ya darasa inachapa, nusu haioni printa wala seva. Ukizima na kuwasha, iliyokuwa nzima inaugua na mgonjwa anapona. Wanafunzi wakaanza kugombania viti.

"Teacher, hii yangu imekataa tena," walisema.

"Hata jana ilikuwa sawa."

Mtaalamu aliitwa. Akasema ni kirusi, akafuta kila kitu na kuweka upya. Shida ikabaki. Akasema ni waya, tukanunua waya. Shida ikabaki. Akashuka chini akawagombeza watu wa kinu kwamba vumbi la unga linapanda na kuingia kwenye mashine. Mwenye kinu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anataka kusaga au la.

Daktari aliona aibu, na mtu wa aina yake akiona aibu hutafuta wa kumvisha. Kompyuta ya mwalimu wa taipu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukwama, kwa sababu yeye alifika mapema na kuiwasha kabla ya wengine. Hilo lilimtosha Daktari. Alikuja akasimama mlangoni kama kawaida yake, katikati ya kipindi.

"Madam, umekuwa ukigusa vitu usivyovijua," alisema. "Umeharibu mtandao wa chuo."

"Mimi nafundisha taipu, Daktari," alijibu. "Nawasha, nazima. Hakuna kingine."

"Ndivyo wote husema. Toa funguo za darasa."

Nilisema kwamba kompyuta ya mtu mmoja haiwezi kuangusha nyingine zote kwa namna ile, na Daktari akaniambia ningoje zamu yangu ya kuzungumza, zamu ambayo haikufika. Madam alikunja kitambaa chake cha kufunikia vidole, akakitia mkobani, akaweka funguo mezani. Aliwaambia wanafunzi wamalize ukurasa.

Wiki ile ile Daktari akasafiri kwenda matanga kwao. Alifunga ofisi, seva yake ikazimwa. Na mtandao ukapona. Kila kompyuta ilichapa, kila siku, bila mtu kugusa chochote. Aliporudi akasikia habari hiyo, alitembea darasani akitabasamu.

"Mmeona?" aliwaambia wanafunzi. "Tatizo lilikuwa mtu, si mashine. Nilijua tangu mwanzo."

Akaenda ofisini kwake, akawasha seva, akafungua karata. Kabla ya saa nne wanafunzi wa kipindi cha pili walikuwa wameinua mikono, kompyuta zao hazioni printa.

Nikakaa mbele ya mashine moja iliyougua. Kuna kidirisha kidogo kinachoonyesha anwani ambayo kompyuta imepewa, na chini yake, anwani ya seva iliyoigawa. Nilikitazama, nikaenda kwenye mashine iliyo nzima, nikakitazama pia. Waliogawa walikuwa wawili tofauti. Mmoja nilimfahamu, ni seva ya darasani. Wa pili alikuwa wa ukoo nisioujua. Na hakukuwa na seva nyingine kwenye waya zile isipokuwa ile ya dirishani kwa Daktari.

Basi ilikuwa wazi. Kompyuta ikiwashwa hupaza sauti kuomba anwani, na seva inayowahi kujibu ndiyo inayosikilizwa. Waliojibiwa na seva ya darasani walionana na printa. Waliojibiwa na seva ya Daktari walipewa namba za heshima, wakabaki wamekaa peke yao na heshima yao.

Nilikwenda ofisini. Mtaalamu alikuwepo, anakunywa soda. Nikawaeleza kwa upole, kwa maana nilikuwa bado naamini kwamba mtu akielezwa ataelewa.

"Tuzime tu ile sehemu ya kugawa anwani kwenye hii ya Daktari," nilisema. "Mashine yenyewe ibaki."

Mtaalamu alicheka. "Mbili ni bora kuliko moja, Mwalimu. Moja ikichoka, nyingine inasaidia. Huko nje ndivyo wanavyofanya."

"Zingekuwa zimepangwa kusaidiana, sawa. Hizi hazijuani. Zinashindana."

"Kwa hivyo wewe unataka kuninyima mtandao ndani ya chuo changu," Daktari alisema.

"Nataka darasa lichape."

"Lilichapa nilipokuwa safarini. Nyinyi ndio mmeliharibu tena."

Nilimwangalia usoni kuona kama anasikia maneno yaliyotoka kinywani mwake. Hakuyasikia. Kibera nimekutana na watu wasiosoma, mafundi wa viatu na wapasua kuni, ambao ukiwaambia moto unatoka upande huu wanageuka upande huu. Yule bwana aliyekuwa na vyeti ukutani alikuwa akichomwa na moto huku anauliza nani amewasha.

Wakaja wageni. Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa likifikiria kukisaidia chuo, na likatuma mama mmoja mzee, mwenye kofia ya majani, pamoja na mkalimani. Daktari alipanga mambo kwa siku nyingi. Mgeni angeingia, kompyuta zote zingewashwa mbele yake kwa pamoja, angeandika jina lake na kuliona likitoka kwenye printa. Seva ya ofisini nayo ingekuwa inawaka, kwa sababu ya taa zake.

Nilimwonya asubuhi ile tena. Aliniambia nivae tai.

Zikawashwa. Mama yule akakaa, akaandika jina lake taratibu, akabonyeza. Printa ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Akahamishwa kwenye kompyuta ya pili, nayo hivyo hivyo. Mtaalamu akainama chini ya meza kutazama waya ambazo hazikuwa na kosa, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Daktari akaanza kumweleza mkalimani habari za umeme wa Kenya, ingawa taa zote zilikuwa zinawaka.

Nikatoka, nikaingia ofisini, nikachomoa waya wa mtandao nyuma ya seva ya dirishani. Niliporudi niliwaambia wanafunzi wafungue kile kidirisha, waiachie anwani waliyonayo na kuomba upya. Safari hii wa kuwajibu alikuwa mmoja. Mama akabonyeza mara moja, jina lake likatoka. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akalionyesha darasa, wanafunzi wakapiga makofi.

Daktari alisonga mbele.

"Hilo lilikuwa jaribio," alimwambia mkalimani. "Tulitaka mgeni ajionee jinsi mafundi wetu wanavyotatua tatizo. Mimi ndiye niliyelipanga."

Mkalimani akatafsiri. Mama akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mtaalamu akatoka chini ya meza, naye akapewa mkono.

Wageni walipoondoka nilimfuata Daktari nikamuuliza ni lini mwalimu wa taipu ataitwa arudi, kwa kuwa sasa imejulikana kosa halikuwa lake.

"Hayo yalikwisha," alisema. "Sisi haturudi nyuma." Alikuwa ameshafika ngazini.

Jumamosi nilimtafuta Madam nyumbani kwake Olympic. Alikuwa amepanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya jirani yake, ameweka taipureta chache za zamani na anafundisha wasichana wa mtaani. Nilimweleza mambo yote, seva mbili, namba za heshima, karata, mama wa kofia. Nilidhani atacheka. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye utepe aliokuwa akiubadilisha.

"Na wanafunzi wameambiwa?" aliuliza.

"Bado."

"Mimi sitaki kurudi kwa yule mtu, Mwalimu. Lakini nilifukuzwa mbele yao. Waambie mbele yao."

Jumatatu nikawaambia. Sikupaza sauti. Nilichora ubaoni seva mbili na waya, nikawaonyesha anwani za koo mbili zinavyogawanya darasa, nikawaambia seva ya pili ni ya nani na imewekwa na nani. Kisha nikasema kwamba Madam hakuharibu kitu, na kwamba aliyesema hivyo alikosea. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Kwa hivyo tunaweza kwenda kumsalimia?" Nikawapa njia ya kufika.

Daktari alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini alikuwa amesikia ya kutosha, kwa maana siku hiyo hakuondoka upesi. Alisema chuo chake si mahali pa kufundishia fitina, na kwamba nisije kesho. Nilifuta ubao, kwa sababu ndiyo desturi ya mwalimu, nikashuka ngazi.

Kanisa lile lilituma fedha, nilisikia, na Daktari akanunua seva ya tatu. Mimi niliingia kwenye ofisi moja mjini, nikafunga mitandao mingi baadaye. Wanafunzi saba au wanane walimwendea Madam, wengine wakahamia kwake kabisa. Nilipompitia jioni moja nilikuta wamejaa hadi mlangoni, vidole vimefunikwa kwa vitambaa, na yeye anatembea katikati yao akisoma kwa sauti maneno ya kupiga taipu. Alinionyesha kiti kwa kidevu, akaendelea kusoma.