Kufunga na Kufungua Juu ya Jumba Refu

Watu wa Malindi tumezoea kutazamwa. Mwaka mzima wageni wanakuja na kamera zao, wanapiga picha milango yetu, punda wetu, hata mzee aliyekaa zake barazani anakuna mguu naye hupigwa. Mimi kazi yangu ilikuwa lipu. Nimepiga lipu katika mahoteli tangu nilipokuwa na mgongo wa kuinama, na nimewaona wageni hao wakisimama mbele ya ukuta nilioumaliza jana, wanautazama kama wanaotazama bibi arusi. Nikawa najiuliza siku zote, huyu mtazamaji hasa anaona nini? Jambo hilo nilikuja kulijua miaka ya themanini, tena si kwetu, ni Nairobi, siku nilipopanda lile jumba refu la mjini ambalo watu huachwa wapande hadi darini, juu ya paa, wakatazama mji. Nilipanda na shangazi yangu. Na yeye shangazi alikuwa amefunga.

Hapo pa kufunga ndipo penye habari, lakini siwezi kufika hapo kabla sijasema tulifikaje Nairobi, maana mtu atauliza huyu mpiga lipu na shangazi yake wametokea wapi.

Shangazi huyu ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea. Skuli ilinishinda mapema, sifichi. Kusoma najua, kuandika ndiko huku mnakokuona. Binti yake shangazi aliolewa Nairobi, akajifungua huko, na kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na wa kumwangalia ni mama yake: amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo, ampikie uji wa pilipili manga. Basi shangazi akaenda, akakaa arobaini nzima ndani ya nyumba ya vyumba viwili, asiione Nairobi ila uani na kamba za nguo. Arobaini ilipotimia nikatumwa nikamchukue. Safari siielezi, kila mtu keshasafiri. Nitasema tu kwamba wakati ule Kilifi hapakuwa na daraja, watu walivuka kwa kivuko, na tulikingoja hicho kivuko hata nikazila korosho zote nilizofungiwa nimpelekee mzazi.

Nilipoingia nikamwamkia. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa, au ni shati la mwenzio?"

Hajambo, nikajua. Akanikalisha, akaniambia shida yake. "Nikirudi watu wataniuliza Nairobi ikoje. Nitawaambia ina uani? Nionyeshe yote kwa mara moja, mwanangu. Sina miguu ya kuizunguka."

Mkwewe ndiye aliyesema kuna jumba, ukipanda juu unauona mji wote umelala miguuni pako. Shangazi akasema huo ndio mnara anaoutaka. Kwake kila kirefu ni mnara. Mkwewe akamwambia si mnara, mama, ni ofisi za watu. Akasema haya, ofisi, lakini ni ndefu?

Sasa, hapa pana jambo. Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa Shaabani. Jioni ile watu wautazamie mwezi, na ukiandama, kesho yake Ramadhani. Na shangazi alikuwa anadaiwa siku moja. Ramadhani iliyopita alishikwa na homa ya malaria, akala mchana, akawa na siku za kulipa; akazilipa mwaka mzima kwa kuchopoachopoa, mara amnyweshe mgonjwa dawa, mara arusi, mara mzazi, hata ikabaki moja, nayo ndiyo ile. Ikiharibika hakuna tena ya kuilipia. Mwezi mpya utaingia yeye bado ana deni la mwezi wa zamani, na huyo ni mtu ambaye akiazima sindano kwa jirani hapati usingizi hata airudishe.

Nikamwambia, "Si tungoje ufungue kwanza?"

"Nikifungua ni giza. Utanionyesha nini, taa?"

Tukatoka baada ya alasiri. Nikatia tende mfukoni kwenye karatasi, nikasema tukichelewa zitatufaa.

Lifti ilimtatiza kidogo. Alisimama mlangoni akachungulia, akasema, "Chumba hiki hakina dirisha." Nikamwambia ndicho kinachopanda. "Kinapanda na sisi ndani?" Na sisi ndani. Akaingia, akasoma aliyoyasoma, akanishika mkono. Humo ndani mlikuwa na Wazungu wawili, mume na mke, na yule mke akamwona shangazi na buibui lake akatabasamu, akainua kamera. Shangazi akanisemesha polepole, "Mpaka huku wametufuata."

Tukatoka juu. Upepo ulikuwa baridi, wa bara, hauna chumvi. Mimi kitu cha kwanza nilichokifanya ni kugusa ukuta. Haukupigwa lipu, ni zege tupu lililogongwagongwa kwa nyundo likawa na chunusi, na nikakaa nafikiri ni nani aliyening'inia huku juu akaligonga, na alifungwa na nini. Sisi jukwaa la ghorofa mbili tu tunasema shahada. Shangazi akaniambia, "Nimekuja kuonyeshwa mji, wewe unapapasa ukuta."

Basi nikatazama. Na nilichokiona mimi, kwa kuwa macho yangu ni ya kazi, ni madari ya watu. Majumba yote ya Nairobi ukiyatazama kutoka barabarani ni safi, yana vioo, yana rangi. Kutoka juu unaona matangi yana kutu, vitanda vibovu, bati limewekewa mawe lisiruke, na mtu mmoja amelala kwenye boksi amevua viatu. Na kuta za kule juu hazina lipu. Mwenye nyumba alipiga lipu mahali alipojua atatazamwa, hakudhani kuna atakayemtazama toka huku. Nikamwonyesha shangazi. Akacheka, akasema wanawake wengi hupiga pasi kanga ya mbele tu.

Kisha akageuka mara moja, mara ya pili, kama mtu aliyeangusha kitu. "Pwani ni wapi?"

Hili nalo nilieleze. Kwetu hatusemi kulia na kushoto. Ndani ya nyumba utamwambia mtoto, huo mtungi usogeze pwani kidogo, huyo kuku mfukuze aende bara. Pwani ni upande wa bahari, bara ni upande wa mashambani, na kibla kipo, ambako tunaelekea kusali. Hata kipofu Malindi hapotei. Nairobi sasa kila upande ni bara, na mtu aliyekaa arobaini ndani, akipelekwa uani na kurudishwa, hajui amesimama vipi duniani. Mimi pia nilikuwa sijui, ila nilinyamaza.

Palikuwa na askari wa mlango pale juu, mtu mzima, koti la kaki, rungu limelala kwenye kiti. Shangazi akamwendea.

"Hujambo, baba? Pwani ni wapi?"

"Pwani ni mbali, mama. Lazima upande basi."

"Siulizi Mombasa. Nauliza pwani, hapa tulipo."

Yule bwana akanitazama mimi, nami nikatazama mji. Akajaribu tena. "Mama, mashariki ni hapa. Magharibi ni pale."

"Magharibi bado, baba. Jua si hilo."

Maana kwetu magharibi ni ile sala ya jua kutua. Nikamweleza askari, huyu mama anataka upande wenye bahari, ndivyo sisi tunavyojua tulipo. Na hapo uso wake ukafunguka. Akasema yeye ni mtu wa Kisumu, kwao nyumbani ni vivyo hivyo, mtu anaambiwa ng'ombe wamepita upande wa ziwa, au wamepanda upande wa mlima, basi. Akamgeuza shangazi kwa heshima, bila kumgusa, kwa kidole tu hewani. "Jua linazama kwetu, ziwani. Kwa hivyo kwenu, mama, ni mgongoni kwako."

Shangazi akageuka, akautazama upande wa kwetu. Hakukuonekana kitu, ni vumbi na mbuga. Akaridhika kabisa. Akamwambia, "Hata sisi Malindi tuna Kisumu."

"Kisumu gani?"

"Ndogo."

Nikamweleza kuna mtaa kwetu unaitwa Kisumu Ndogo. Akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama hiyo Kisumu yetu ina samaki. Nikasema samaki wapo, ila wa maji ya chumvi. Akasema basi hiyo si Kisumu.

Kwa maneno hayo na mengine jioni ikatukuta. Wazungu walishateremka. Shangazi hakutaka kuondoka, kila mara anauliza, na hilo paa jekundu? na hao watu wanangoja nini? Nikajua sasa raha ya mtazamaji ni nini: hakuna anayemdai jibu, yeye kazi yake ni kuuliza. Ndipo askari akaja na funguo mkononi.

"Mama, sasa tunafunga."

Shangazi akafurahi. "Alhamdulillahi. Na nyinyi pia?"

"Kila siku, mama."

"Kila siku? Kwa kazi hii ya kusimama?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Akanigeukia. "Mtu wa Kisumu, anafunga kila siku, wewe kijana wa Kiislamu hata Alhamisi sikuoni ukifunga." Kisha akamwambia askari, "Basi jua likizama tutafungua pamoja."

"Hapana, mama. Jua likizama ni kufunga. Kufungua ni kesho asubuhi."

Shangazi akashtuka. "Usiku kucha? Baba, utakufa. Nani amekufundisha hivyo?"

Niliona nikiwaacha watafikishana kwa kadhi. Nikamwonyesha shangazi zile funguo, nikamwambia anafunga mlango, shangazi, mlango. Na askari nikamwambia mama huyu amefunga saumu, hajala tangu alfajiri. Wakatazamana. Askari akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama," na akazitia funguo mfukoni.

Wakati huo huo sauti ya adhana ikapanda kutoka msikiti wa mjini, nyembamba, imevunjwavunjwa na upepo. Chini huko njia zilikuwa zimeshaingia kiza, taa zimewaka. Nikafungua karatasi nikampa tende.

Hakuipokea. Alikuwa akitazama upande wa ziwa. Na kule, juu ya vilima, jua lilikuwapo. Limekaa, jekundu, zima, kama halikusikia kitu.

"Kula, shangazi. Wameadhini."

"Wameadhinia watu wa chini. Hilo nini?"

"Ni jua."

"Basi."

Nikamwambia mji ni mmoja na adhana ni moja. Akasema mji ni mmoja lakini macho ni yake, na hawezi kula huku jua linamtazama usoni. Nilikuwa namjua; siku ile ilikuwa ya mwisho, na kwa tonge moja kabla ya wakati deni lingebaki palepale. Mimi mwenyewe nilianza kuingia wasiwasi, nisijue nani ana haki, msikiti au jua. Askari ndiye aliyeleta rai. "Mama, si uteremke? Chini jua limekwisha. Dakika kidogo tu uko kwenye giza, unakula."

Kwa kweli niliona ni rai nzuri. Shangazi akaifikiria, nilimwona akiifikiria. Halafu akasema, "Hilo jua mimi nimeliona halijazama. Nikiteremka nitakuwa nimelikimbia, sikulingoja."

Askari akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama huyu angekuwa hakimu." Akaenda akasimama na sisi ukingoni, watu watatu tunangoja kitu kimoja. Muda wenyewe haukuwa mrefu. Lakini ukilitazama jua kwa kulingoja unaona linavyokwenda, linaingia kilimani kama mtu mnene anayeingia mlango mwembamba, kwanza nusu, halafu bega, halafu hakuna. Miaka yote ile Malindi sikuwahi kuliona likifanya hivyo, kwetu linapotelea nyuma ya minazi na hakuna anayejua ni lini.

Shangazi akangoja kidogo tena, kwa hakika. Akasema bismillahi, akala tende. Akampa askari moja, naye akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo alipofunga mlango wake.

Tulipofika chini watu, waliofunga na wasiofunga, walikuwa wametulia mahotelini, chai mbele yao, sambusa zimeshaliwa. Shangazi akawatazama kwa huruma. "Hawa wamekula jua langu likiwa juu." Usiku ule redio ikatangaza mwezi umeandama.

Malindi alipofika hakutulia hata alipomwita maalimu wa mtaani kwetu akamweleza yote, na lifti na askari na vilima. Maalimu akamsikiliza, akasema saumu yake ni sawa na ya wale wa chini ni sawa, kila mtu hufungua kwa jua la mahali aliposimama, na wanavyuoni walishaulizwa jambo hili zamani sana.

Nilidhani atafurahi. Akasema, kama aliyepokonywa kitu, "Kumbe wako waliotangulia." Kisha akasogeza kiti chake bara kidogo, akamkabili. "Na walio ndani ya ndege, maalimu?"

"Wewe una safari ya ndege?"

"Sina. Lakini mwanangu huyu ana tabia ya kunipeleka mahali."