Kope za Bibi

Jirani yetu kijijini Sapiwi ndiye aliyeanza kusema kwamba bibi yangu ni mchawi. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara, alikuwa amepata uwakala wa mnunuzi binafsi, na siku ndama wake walipokufa alisimama kwenye mizani yake akawaambia watu waliopanga foleni: "Yule mayu, mama yule, macho yake mekundu. Amemla nani?" Watu walicheka kidogo. Kwetu ajuza hukatwa mapanga kwa maneno hayohayo. Tangu siku hiyo nililala mlangoni kwa bibi na shoka, na nilimchukia yule mtu.

Kwa wekundu wa macho yake, mimi niliulaumu moshi wa kinyesi cha ng'ombe tulichokuwa tukipikia. Nilipompeleka hospitali ya Somanda, daktari wa macho aliipindua kope ya bibi kwa kidole akaniita nitazame: nywele zilikuwa zimegeukia ndani, zinamkwangua jicho kila akipepesa. Ni ugonjwa wa vikope, alisema, unatibika. Walimchoma sindano ya ganzi wakampasua kope zote mbili, naye akawatukana kwa Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho. Manesi walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tuliporudi kutolewa nyuzi, macho yake yalikuwa meupe. Tumekaa kwenye benchi na watu wengine wa Sapiwi, mara akaingia jirani, kashikwa mkono na mkewe. Dawa ya kupulizia pamba ilikuwa imemrukia usoni. Miaka hiyo kila mwenye duka aliiuza, mwingine hata kwenye chupa za soda. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Nilisimama nikampisha akae ubavuni kwa bibi. Nilifanya makusudi.

"Mwangaluka," bibi akamsalimia. Kisha akamshika kidevu, akamgeuzia uso dirishani kama daktari alivyomfanyia yeye, akamkagua jicho moja, akamkagua la pili.

"Ng'wanone, mwanangu," akamuuliza kwa upole, "wewe umemla nani?"

Benchi zima liliangua kicheko. Mama mmoja alicheka mpaka akashikilia bandeji yake. Jirani aliinuka, akamsukuma mkewe, akatoka akipapasa ukuta. Nesi alipotokeza mlangoni kumwita, hayupo.

Bibi hakuwa akicheka tena. "Mkimbilie," aliniambia, "atapofuka huyo."

Nilitoka. Nilimwona kabisa, kasimama ng'ambo ya barabara, amejifunika uso kwa shati. Nilinunua muwa pale langoni, nikaumenya, nikautafuna wote bila haraka, halafu nikarudi kumwambia bibi kwamba sikumwona.

Jicho la kushoto la jirani likafa. Kijijini kila aliyelitazama alikumbuka kicheko cha benchi, na habari za uchawi wa bibi hazikusemwa tena, si mizanini wala kilabuni. Nikarudi kulala chumbani kwangu. Wanasema malipo ni hapa hapa duniani. Mimi niliyasaidia kidogo tu.

Bibi alifia kitandani kwake miaka mingi baadaye, kwa uzee, amezungukwa na wajukuu. Jirani naye alikuja msibani na jicho lake moja, akasimama pembeni akisubiri kupangiwa kazi. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu kama sakafu. Nilimkabidhi sururu, nikamwonyesha pa kuchimba kaburi, kisha nikawaambia vijana wote wakapumzike kivulini.