Betri za Kwenye Mwanzi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, duka la ushirika la kijijini kwetu, karibu na Kipalapala, lilikuwa na chumvi wiki hii na viberiti wiki ijayo. Betri ndiyo usiulize. Redio za watu zikabaki mapambo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Yangu peke yake ndiyo ilikuwa ikisema, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Nilikuwa nimeoa juzi juzi, mkulima wa tumbaku, fundi wa kujifundisha mwenyewe. Niliokota betri zilizotupwa, nikazitoboa kwa msumari, nikazinywesha maji ya chumvi, nikazianika juani. Kisha nikapasua mwanzi, nikazilaza humo kumi na moja, moja nyuma ya nyingine, nikazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Vipande vya kopo la maziwa vikashika waya huku na huku. Mwanzi mrefu kuliko meza! Redio ikaimba. Majirani wakaanza kuniita mhandisi, nami kichwa kikavimba. Mama, aliyekuwa akiishi nasi, alilitazama lile dude akasema, "La kuvunda halina ubani, mwanangu." Nikamcheka.

Na ni mama huyo huyo aliyeihitaji redio kuliko sote. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa mgonjwa Sikonge, kusini. Kaka yake, mjomba wangu, naye alikuwa mgonjwa Nzega, kaskazini, na tulikuwa tumeambiwa huyu ndiye mahututi. Barua zilichukua majuma. Kwa hiyo kila jioni mama aliketi mkekani kusikiliza matangazo ya vifo, kimya kabisa mpaka yaishe. Tusipotajwa, anasema, "Haya, pikeni."

Betri mfu zina kiburi chake. Zinachoka, ukizipumzisha kidogo zinarudi. Jioni moja zikachoka katikati ya matangazo. Sauti ikasinyaa, ikawa ya nzi, ikapotea. Nikaubana mwanzi, nikapuliza, nikang'ata waya. "Fanya haraka, baba," mama ananiambia, "fanya haraka." Nikachomoa mbili, nikazisugua kwenye shati, nikazirudisha. Redio ikakohoa: "...Nzega." Halafu, Mungu wangu, jina kamili la mama yangu, wa Kipalapala, Tabora. Mazishi ni kesho saa saba mchana. Ikazima, na safari hiyo haikurudi.

Nilikimbia hadi seminari ya mapadre, pale Kipalapala, nikidhani wao wameyasikia matangazo. Walikuwa kanisani kwa sala za jioni, hakuna aliyesikiliza redio. Simu? Thubutu! Nikarudi mikono mitupu. Mama alikuwa amekwisha kujifunga khanga kiunoni.

"Ni nani? Wewe si ndiye fundi? Niambie ni nani."

Sikujua. Ningesema tu sijui, mdomo ungenioza? Nikasema, "Imesema Nzega, mama. Ni mjomba."

Alfajiri tukapanda basi la Nzega. Kwetu mfiwa haingii msibani kimya. Huanza kulia angali njiani, ili waliomo wajue nani amefika. Basi tulipokaribia nyumba ya mjomba, mama akaangua kilio, mikono kichwani, akimwita kaka yake kwa jina, akimlaumu kwa kumwacha peke yake. Mimi nyuma na kikapu cha unga, nalia pia. Nililia kweli, maana mjomba nilimpenda.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mjomba mwenyewe, amekonda, amejitanda shuka, anajikongoja kwa fimbo. Mama akakaa chini palepale.

"Dada," mjomba akasema, "unamlilia nani?"

Hapo ndipo akili ikanijia, imechelewa. Matangazo yale hutaja kwanza marehemu na mahali alipofia, kisha ndipo hutaja watu ambao habari ziwafikie, mkubwa kwanza. Niliisikia sehemu ya mwisho tu. Ile Nzega ilikuwa ya mjomba, kifungua mimba wa bibi, na mama akafuatia. Naye mjomba hakusikia lolote, redio yake haikuwa na betri tangu mavuno.

Nikawaambia aliyekufa ni bibi. Basi la kurudi Tabora lilikuwa la kesho yake, na Sikonge ni mbele ya Tabora.

"Mazishi ni saa ngapi?" mjomba akauliza.

"Saa saba."

Akalitazama jua. "Basi saa hizi wanamshusha."

Mama akapiga magoti pale uani, ameelekea kusini. Akachota udongo kwa kiganja, akautupa mbele yake. Akachota mwingine, akamtilia mjomba mkononi. Kisha akanigeukia mimi, nisiyejua nisimame wapi, akaninyooshea mkono uliojaa udongo.

"Tupa," akasema. "Na wewe ni mjukuu wake."