Nyoka wa Kasi ya Tisa

Baba alipopata kiharusi, niligombana naye hata kabla ulimi wake haujarudi sawasawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kimpira akibinye kwa mkono wa kulia. Yeye akakitupa uvunguni. "Mimi si mtoto," alisema kwa mdomo uliopinda. Nikamjibu, "Basi kaa hivyohivyo, mkono ufe!" Kisha nikaenda jikoni kulia.

Nilikuwa nimemhamisha kutoka Shinyanga, yeye na mama, nikawaleta kwangu Kalangalala, hapa Geita, ninakotengeneza kompyuta za watu. Kilichoniuma zaidi kilikuwa chakula. Baba hakukubali kula ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya mtu, wala kulishwa. Alipelekewa sahani chumbani, akafunga mlango. Mimi na mama tulikula sebuleni tukitazamana tu.

Ndipo nikamkumbuka nyoka.

Zamani baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumamosi alinichukua ofisini. Kompyuta yao ilikuwa nene, yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, na ndani yake mlikuwa na mchezo. Nyoka wa vijimraba anakula nukta, wewe unamwongoza kwa vibonye vya mishale, akigonga ukuta amekufa. Kabla ya kuanza uliulizwa unataka kasi gani, moja hadi tisa. Baba alibonyeza tisa. Kila mara tisa, hata zamu ikiwa yangu na miguu yangu haifiki sakafuni! Nililia mno. "Hakuna atakayekupunguzia, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo kwake mimi ni mama, na asubuhi nyingine alinipa shikamoo kabisa, nami nikaitika marahaba bila haya.

Mchezo ule nilikuwa nao bado, nilishaunakili kutoka kwenye diski yake ya zamani. Laptop yangu mpya ikaukataa katakata. Nikaweka programu inayojifanya kompyuta ya enzi zile, na nyoka akatokea, wa kijani vilevile. Baba akasogeza kiti, akabonyeza tisa kwa kidole cha mkono wa kulia.

Lo! Hatukumwona hata alikopita. Mchezo ule ulitegemea uvivu wa mashine za zamani. Hizi za sasa zinakimbia mno, na nyoka alikufa kabla baba hajainua kidole.

"Huyu ana wazimu," baba akasema, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu augue.

Ile programu ina vibonye viwili vya kuipunguza kasi mashine yenyewe, na namba ya kasi huandikwa juu ya dirisha kwa herufi ndogo. Baba alipoinama kunywa chai, nikaishusha. Yeye aliendelea kuchagua tisa yake, na nyoka akawa anaongozeka. Kila asubuhi alicheza. Wiki ya tatu mkono wa kulia ulishika kikombe. Nikapandisha kasi kidogo. Mama akaanza kuweka viti vitatu mezani, nami nikajiona daktari, jamani.

Mvua za masika zilipoanza, kiharusi kikarudi. Hakikumlaza sana, lakini mkono kiliuchukua. Nikashusha namba. Kesho yake nikashusha tena. Niliona aibu kumdanganya mtu ambaye hakuwahi kunipunguzia hata siku moja, lakini nilishusha, mpaka nyoka akawa anapiga hatua moja na kusimama, na bado aligonga ukuta. Baba akarudi kula chumbani, lakini mama hakukiondoa kile kiti cha tatu.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshaandaa mchezo, natoka kwenda kazini, baba akaniita.

"Mayu."

"Abee, baba."

"Shusha tena."

Nikajifanya sielewi. "Nishushe nini?"

Akanyoosha kidole cha kushoto hadi juu ya dirisha, penye ile namba. "Nimesoma namba maisha yangu yote. Unadhani hii siioni?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya chai."

Hakuwa na hasira. Laiti angenifokea! Nikashusha. Alicheza, akala nukta tatu, nyoka akafa. Akaifunga laptop mwenyewe, polepole.

Sikwenda kazini siku hiyo. Mchana mama alipakua ugali na mlenda, akachukua sahani ya baba ampelekee. Mlango wa chumba ukafunguka kabla hajafika. Baba akaja akiburuta mguu, akakaa kwenye kiti chake. Mama akamletea maji ya kunawa, akausubiri mkono wa kulia kwa mazoea.

Baba akatoa wa kushoto.