Ng'ombe wa Nyumba Mbili

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na Makambako ikajaa malori na maduka, mzee Halfan alikuwa na duka la vitenge karibu na stendi, na binti mmoja, Safina, asiyetaka hata kuvisikia vitenge. Yeye alitaka kompyuta. Akajifunza, akapata mkataba mfupi Njombe, kwenye mradi wa ng'ombe wa maziwa. Baba yake aliridhia shingo upande: mkataba ukiisha bila ajira ya kudumu, binti anarudi dukani, bila kubisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha ng'ombe. Si kwa kamba, jamani. Mabwana mifugo wa vijijini walileta fomu zao za Excel, kila mmoja na mtindo wake, naye Safina alizihamishia kwenye hifadhidata mpya ya mradi, ambamo kila ng'ombe alikuwa na namba yake ya hereni na jina la mfugaji mmoja. Meneja, Bwana Methodi, alimwambia wazi kwamba ikikamilika Ijumaa ya mwisho wa mkataba, kazi ni yake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijiji kimoja kilipomtibua nyongo. Ng'ombe walewale, hereni zilezile, fomu ya Machi wako kwa mfugaji huyu, ya Julai kwa mwingine. Mashine ikagoma. Safina, mtoto wa dukani, akajua hapa anachezewa: mzigo mmoja utakuwaje na wenye wawili? Akafuta majina yote ya Julai, akampelekea mkusanya maziwa wa mradi orodha mpya ya wafugaji, akaenda zake kunywa chai akijisifu moyoni.

Alhamisi wakaingia ofisini wanawake wawili wa makamo, wamejitanda mashuka mazito.

"Kamwene," alisalimia mmoja, Mama Ida. "Mwanangu, ni wewe uliyeninyang'anya ng'ombe?"

Safina akamuuliza jina, akaangalia fomu, akajitetea kwamba ng'ombe yule ni wa Mama Fidelia.

"Ni wake," Mama Ida akakubali, akimgusa mwenzake bega. "Na ni wangu. Wewe umekulia wapi?"

"Makambako."

"Ndiyo maana."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha Mama Fidelia akaeleza. Kwake mlimani majani ni ya masika tu. Juni sakitu, ule umande wa barafu, ikianguka na kuunguza malisho, ng'ombe anashushwa kwa Mama Ida, mwenye kinyungu, bustani ya bondeni isiyokauka. Huko analala, huko anakamuliwa, mpaka mvua zirudi. Kijiji kizima wanafuga hivyo, wawili wawili, na anayelisha ndiye anayekama.

"Sasa mkusanya maziwa amekataa maziwa yangu," alisema Mama Ida. "Anasema sina ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe yuko zizini ananipigia kelele."

Safina aliona aibu. Kurekebisha ilikuwa ni kubomoa: ng'ombe wakae jedwali lao, wafugaji lao, na jingine liseme nani yuko na nani msimu gani. Kwa Ijumaa haiwezekani. Angeweza kunyamaza, na ajira ikawa yake. Akaviona vitenge mbele ya macho yake, vimepangwa mpaka darini, akatamani kulia. Kisha akaenda kumwambia meneja.

Bwana Methodi alikuna kidevu. "Kwa hiyo kesho hatuna kitu."

"Tuna uongo uliokamilika, bosi. Ukweli utakuwa tayari Jumatano."

Meneja akawatazama wale mama mlangoni. "Jumatano, basi. Na barua ya ajira pia Jumatano."

Lakini mzee Halfan alikuja Ijumaa na pikapu yake, kama walivyoagana. Barua hakuna, basi apakie vitu vyake. Safina hakubishana. Alimkalisha baba yake mbele ya kompyuta, akamwonyesha ng'ombe wa Mama Fidelia na Mama Ida, na sababu ya kuchelewa.

Mzee aliyafuata majina kwenye kioo kwa kidole. "Na hawa mama hawagombani?"

"Hawagombani, baba. Kila mmoja ana msimu wake."

Mzee akainuka, akatoa funguo za gari mfukoni.

"Niandike na mimi humo," alisema. "Siku za kazi ukae kwa hawa. Jumamosi ushuke kwangu, nitakulisha."

Akarudi Makambako na pikapu tupu.